Pesa zatolewa kabla hazijawekwa, nifanyeje?

Mja wa Kisauni: Asalaam aleikum. Nasimamia mfumo wa akiba za madereva wa tuktuk, ujumbe wa "weka" na "toa" hupitia Kafka, programu ya kupitisha ujumbe kwa foleni. Tangu juzi "toa" yatangulia "weka". Dereva ameweka mia tano asubuhi, aambiwa hana kitu. Nimetukanwa mpaka simu nimezima. Programu zinazosoma ni nane, nibakishe moja?

Fundi Mtwapa: Ukibakisha moja kasi itakufa, na mpangilio hautarudi kwa hilo tu. Kafka hugawa mada, yaani fungu la ujumbe wa aina moja, kwa foleni ndogo ziitwazo patisheni, na hulinda mpangilio ndani ya patisheni moja tu, si mada nzima. Ufunguo wa ujumbe, ule unaoamua uende patisheni gani, ni nini?

Bi Tudor: Haki ya mtu haichezewi. Marehemu mume wangu aliweka akiba za watu kwa daftari miaka 20, hakuna aliyelia.

Mja wa Kisauni: Ufunguo upo.

Fundi Mtwapa: Upi?

Mja wa Kisauni: Ulikuwa namba ya akaunti. Niliutoa Ijumaa. Kuna mzee ana tuktuk arubaini kwa akaunti moja. Patisheni yake yafurika, nyingine saba zapiga miayo. Nilipoutoa foleni iliisha, na mkubwa alinisifu. Kosa liko wapi?

Abiria wa Likoni: Gari zikipangwa safu moja huingia feri zilivyofika. Fungua safu nane uone, wa alfajiri avuka saa nne. Mie nilikosa maziko Diani hivyo hivyo, na shemeji hajanisamehe.

Fundi Mtwapa: Ndiyo hiyo. Rudisha ufunguo. Kama kila tuktuk ya mzee ina salio lake, tumia namba ya tuktuk. Kama salio ni moja, hana budi kungoja. Ila usiongeze patisheni kwa pupa, funguo huhamia patisheni nyingine.

Mja wa Kisauni: Nishaongeza. Ziko 24.

Fundi Mtwapa: Lahaula! Na kupunguza Kafka haikubali. Basi simamisha wanaotuma, zilizomo zisomwe ziishe, ndipo urudishe ufunguo.

Kijana Majengo: Ngojeni. Tuktuk arubaini, mkubwa asifu... hili swali la usaili wa kazi! Niliulizwa Nyali mwezi jana, ila zilikuwa bodaboda.

Abiria wa Likoni: Ukajibuje?

Kijana Majengo: Nikabakisha moja. Sikuitwa tena.

Fundi Mtwapa: Kumbe nafanyia mtu mtihani bure?

Bi Tudor: Si mtihani. Mwanangu ana tuktuk, salio lake halieleweki tangu Jumamosi. Wewe Mja, ofisi yenu si ile ya ghorofani, chini wauza mahamri?

Bi Tudor: Mja?