Trekta ndogo ya mzee inazima ikishapata joto, nimekwama wakuu

KijanaWaDago: Habari zenu wakuu. Niko Dagoretti, nina trekta ndogo ya bustani, ile ya kukalia ya kukata nyasi, ni ya mzee wangu. Alifanya kazi kwa mzungu fulani huko Karen, huyo mzungu akirudi kwao akamwachia hiyo mashine, na mzee akatulipia shule nayo akikatia watu nyasi Karen na Lang'ata mpaka magoti yakakataa. Imekaa chini ya mabati miaka tisa, kuku wamekuwa wakitagia kwa kiti. Mzee ako, na kila nikimpigia simu swali la kwanza ni kama imewaka, so hii kitu nataka kuimaliza akiwa bado anaweza kuja kuisikia.

Injini imeandikwa Kohler K301, silinda moja, nguvu ya farasi 12, inapozwa na hewa. Nimeosha tangi (kutu ilikuwa imejaa kama majani chai), nikaweka paipu mpya, filta, plagi, oili, betri, na kabureta nimefungua nikaosha. Koili ya zamani (ile inayotoa umeme wa cheche ya plagi) ilikuwa imepasuka, fundi mmoja wa huku akaniwekea ya gari. Sasa shida ni hii, asubuhi inawaka mara moja, inanguruma vizuri, nakata nyasi dakika kama 20 alafu inaanza kukohoa, inapiga pa! pa! kwa ekzosi, inazima. Nikipiga stata inazunguka tu haishiki. Nikiiacha nusu saa ipoe inawaka tena kama hakuna kitu kilifanyika, alafu safari hii inazima haraka zaidi. Fundi amepima kompreshen (vile silinda inabana hewa) akasema iko chini, ringi za pistoni zimeisha, anataka 22,000 afungue injini. Sina hiyo pesa ya kubahatisha. Nisaidieni mawazo.

Mwas_Rongai: Kabureta hio. Tafuta ingine kabisa, za zamani hata uzioshe aje kuna tundu ndogo huwa zinabaki zimeziba.

Nyasi_Fupi: Kabla ununue chochote angalia kifuniko cha tangi. Kina katundu kadogo ka kuingiza hewa, kakiziba na vumbi petroli ikiendelea kutumika tangi inajifunga inakuwa kama inajinyonya, mafuta yanakataa kushuka, injini inazima. Ukikaa nusu saa hewa inaingia polepole inawaka tena. Ikizima fungua kifuniko hapo hapo, ukisikia fyuuu umepata mwizi wako. Mimi ilinisumbua na mowa yangu wiki mbili.

Fundi_Kirinyaga_Rd: Kijana usimpe mtu 22,000 bado. Ringi zikiisha ungeona moshi wa bluu na oili ikipungua, na haziwezi kupona kwa nusu saa ya kupumzika. Na hiyo geji ya kompreshen isikutishe. Hizi injini za Kohler K nyingi zina kitu kwa kamshafti (shafti inayofungua valvu) kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kupiga stata, ili stata isilemewe, so ukipima ikizungushwa na stata lazima isome chini hata kama injini ni nzima. Fundi wako si mwongo, ni vile tu hajakutana nayo.

Fanya hivi. Iwashe, kata nyasi mpaka izime, na mambo yote upime hiyo dakika inazima, usingoje ipoe, ikipoa ushahidi umeenda. Moja, kifuniko vile huyo amekuambia. Mbili, toa plagi, ivalishe waya wake, ilaze kwa chuma ya hedi mbali na hilo tundu la plagi maana petroli inatoka hapo, mtu apige stata uangalie cheche. Tatu, shika koili na mkono. Alafu urudi hapa.

KijanaWaDago: Nimefanya leo jioni. Kifuniko hakuna fyuuu, na nikakiacha wazi bado haikuwaka. Kabureta ina mafuta, nilifungua skurubu ya chini yakamwagika. Lakini cheche wakuu!! Asubuhi ikiwa baridi nilikuwa nimeiangalia, ilikuwa nene, bluu, inalia tak tak tak. Ilipozima ikawa kauzi kembamba ka rangi ya machungwa, kanakuja mara moja moja, alafu hakuna kabisa. Koili sikuweza kuishika hata kwa sekunde mbili, na inanuka kama rangi inayoungua.

Fundi_Kirinyaga_Rd: Sasa tunaongea. Toa waya kwa koili ikishapoa, chukua mita ya umeme weka kwa omu (kipimo cha ukinzani), kwanza gusanisha nyaya za mita zenyewe uone inasoma ngapi utoe hiyo, alafu pima kati ya + na −. Inafaa iwe kama 3 hadi 4. Na fungua kale kafuniko pembeni ya injini penye pointi (vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa koili), niambie sura yake.

KijanaWaDago: Nyaya peke yake 0.2, koili 1.7, so ni 1.5. Pointi ni nyeusi, upande mmoja una shimo na mwingine una kachuguu.

Fundi_Kirinyaga_Rd: Basi hiyo koili ni ya gari lenye resista ya nje (kitu cha kupunguza umeme unaoingia kwa koili), na kwa trekta yako hakuna resista. Piga hesabu, volti 12 gawanya kwa 1.5 ni ampea 8, wakati pointi inataka kama 4. Koili inachemka, pointi zinaungua, ikipata joto cheche inakufa, ikipoa inarudi. Ndio hiyo dakika 20 yako, na ndio maana mara ya pili inazima haraka.

Kuja Kirinyaga Road ulizia koili ya volti 12 isiyohitaji resista ya nje, na ubebe mita upimie hapo dukani, usikubali kuambiwa zote ni sawa. Weka pointi mpya na kondensa mpya pia. Zungusha flaiwili na mkono mpaka pointi zifunguke kabisa, pima mwanya wake na fila geji uwe 0.5 mm, wa plagi 0.9 mm. Na usiache swichi ikiwa on injini ikiwa imezima, pointi zikiwa zimefunga koili inajipika yenyewe.

Mama_Shamba_Limuru: Ukishamaliza koili angalia rangi ya plagi. Hapo Nairobi mko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na skurubu ya kabureta ikiachwa vile ilikuwa huko ilikotoka inaweza kumwaga petroli nyingi. Plagi ikiwa na masizi meusi makavu, kaza ile skurubu ya juu ya kabureta kidogo kidogo injini ikiwa moto, moja ya nane ya mzunguko kila mara, ukisikia inaanza kukosa nguvu rudisha.

Nyasi_Fupi: Nimejifunza kitu hapa, mimi sikuwahi pima koili maisha yangu yote.

KijanaWaDago: Wakuu. Koili mpya inasoma 3.3, pointi na kondensa zimeingia, yote haijafika hata 5,000. Jana nimekata uwanja wa kanisa saa moja na dakika kumi bila kuzima, koili ni ya vuguvugu tu, nimeshika na kiganja chote. Plagi ilikuwa na masizi vile Mama Shamba amesema, nimekaza, sasa iko kahawia. Nilimpigia mzee nikaweka simu kwa boneti, hakusema kitu kwa muda, alafu akaniuliza kama nimekumbuka kupaka grisi kwa ekseli ya mbele. Anakuja Jumapili. Kabla afike, hiyo ekseli nitumie grisi gani, hii ya kawaida ya beringi za gari iko sawa?

Fundi_Kirinyaga_Rd: Iko sawa kabisa. Panguza ya zamani kwanza, alafu pampu mpaka uone mpya inatokea pembeni. Msalimie mzee.