Kompyuta zinaonana zenyewe kwa zenyewe lakini hazifiki intaneti: anwani ya 169.254 ina maana gani?

Mwalimu_wa_Kompyuta aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari yenye chumba cha kompyuta 24, zilizounganishwa kwa kebo kwenye swichi mbili, na swichi hizo zinakwenda kwenye ruta moja inayotuletea intaneti na Wi-Fi. Siku hizi asubuhi mambo huwa sawa, lakini ifikapo mchana baadhi ya kompyuta hukataa kufungua tovuti yoyote. Nikiandika amri ya ipconfig, inayoonyesha mipangilio ya mtandao ya kompyuta, zile nzima zinaonyesha anwani inayoanza na 192.168.1, na zile zenye tatizo zinaonyesha 169.254. Kinachonishangaza ni kwamba hizi zenye 169.254 zinatumiana mafaili vizuri zenyewe kwa zenyewe, ila printa haziioni.

Wanafunzi wa kidato cha pili wameniuliza nambari hiyo inatoka wapi, na inawezekanaje kompyuta iwe kwenye mtandao na papo hapo isiwe kwenye intaneti. Ningependa kupata maelezo ambayo naweza kuwafundisha, pamoja na dawa ya tatizo lenyewe.

Fundi_Swichi alijibu:

Habari za kazi, Mwalimu. Nianze na swali la wanafunzi, kwa sababu ndilo msingi wa mengine yote. Mtandao ni vifaa viwili au zaidi vinavyoweza kupelekeana data. Chumba chako, hata ruta ikizimwa, bado kina mtandao kwa sababu swichi zinaendelea kupitisha data kati ya kompyuta na kompyuta. Intaneti ni muungano wa mitandao mingi ya namna hiyo duniani, na kazi ya ruta ni kuvusha data kutoka mtandao wako kwenda mitandao mingine.

Ili kompyuta ishiriki vizuri inahitaji kujua mambo manne: anwani yake ya IP (nambari inayoitambulisha kwenye mtandao), mpaka wa mtandao wake (unaoonyesha anwani zipi ni za majirani), anwani ya lango la kutokea (ambayo kwa kawaida ni ya ruta), na anwani ya seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari). Mara nyingi hatuyaandiki kwa mkono. Kompyuta ikiwashwa hutuma tangazo kwa vifaa vyote vya mtandao ikiomba anwani, na huduma iitwayo DHCP, ambayo kwako imo ndani ya ruta, huijibu kwa kuikopesha anwani kwa muda maalumu pamoja na hayo mengine matatu.

Ombi hilo lisipojibiwa, kompyuta hujichagulia yenyewe anwani katika kundi la 169.254, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna jirani anayeitumia. Kwa hiyo nambari hiyo inakwambia jambo moja tu: kompyuta iliomba, haikupewa. Anwani za kundi hili hazivuki ruta kamwe, na kwa kuwa hazina lango la kutokea, kompyuta yako inaishia kuongea na wenzake wa 169.254 peke yao. Printa iko upande wa 192.168.1, na kompyuta inaihesabu kuwa iko mtandao mwingine ingawa zinatumia swichi moja.

Sasa naomba uangalie: je, kompyuta zenye tatizo ziko zote kwenye swichi moja? Kama ndivyo, ishuku kebo inayoiunganisha swichi hiyo na ruta.

Binti_wa_Seva alijibu:

Maelezo ya Fundi yamenyooka. Ningeongeza mpangilio wa kupima, maana wanafunzi huelewa haraka wanapoona data inakwama wapi. Tumia amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi kwa anwani na kusubiri jibu, kwa hatua: kwanza 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta kujijaribu yenyewe, pili anwani ya ruta, tatu 8.8.8.8, seva ya Google iliyo wazi kwa umma; na mwisho jina la tovuti. Hatua ya tatu ikifaulu na ya nne ikashindwa, intaneti ipo na tatizo liko kwenye DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili watu watumie majina na mashine zitumie nambari.

Tahadhari moja: kompyuta kutojibu ping si uthibitisho kwamba imezimika, kwa sababu programu za ulinzi mara nyingi huzuia majibu hayo makusudi.

Mwalimu_wa_Kompyuta alijibu:

Nawashukuru sana. Kompyuta zenye tatizo zimechanganyika katika swichi zote mbili, kwa hiyo kebo nimeiondolea shaka. Nimeingia kwenye ukurasa wa ruta na kuona kwamba DHCP imewekewa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, na muda wa kukopesha ni saa 24. Orodha ya waliokopeshwa imejaa simu. Je, ndiyo sababu?

Fundi_Swichi alijibu:

Ndiyo sababu hasa, Mwalimu. Hizo ni anwani 50 tu, na kila simu ya mwalimu au mgeni inayoingia kwenye Wi-Fi inachukua moja na kuishikilia kwa siku nzima hata mwenye simu akishaondoka. Kompyuta zinazowashwa mchana zinakuta akiba ya anwani imekwisha. Mpaka wa mtandao wako, yaani ile 255.255.255.0, unaruhusu anwani 254 za vifaa, kuanzia .1 hadi .254, kwa kuwa .0 ni ya mtandao wenyewe na .255 ni ya matangazo kwa wote. Ipanue DHCP ianzie 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250, punguza muda wa kukopesha uwe saa 2, na printa uipe anwani ya kudumu nje ya kundi hilo, kwa mfano 192.168.1.10. Kisha kwenye kila kompyuta yenye tatizo andika ipconfig /renew ili iombe anwani upya. Nenosiri la Wi-Fi nalo ningelibadilisha.

Binti_wa_Seva alijibu:

Wanafunzi wako watauliza pia kwa nini ruta za majumbani kwao nazo zina 192.168.1.1 na hazigongani na ya shule. Anwani za IP za toleo la 4 zina biti 32, hivyo ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazitoshi. Ndiyo maana makundi matatu, yale ya 10, ya 172.16 hadi 172.31, na ya 192.168, yalitengwa kwa matumizi ya ndani, na yeyote anaweza kuyatumia bila kuomba ruhusa. Data inapotoka nje, ruta hubadilisha anwani ya ndani na kuweka ile moja iliyopewa na kampuni ya intaneti, ikikumbuka jibu limrudie nani. Waambie kompyuta mbili zifungue tovuti yoyote inayoonyesha anwani ya mgeni: zote zitaona nambari moja, wakati ipconfig inazionyesha tofauti.