Bakteria wananata kisima kitupu karibu sawa na chenye ute wa kambale, tatizo liko wapi?

Kijiko_Maabara: Habari wakuu. Napima jinsi bakteria wa magonjwa ya samaki, Aeromonas hydrophila, wanavyonata kwenye ute wa ngozi ya kambale, natumia sahani ya plastiki ya maabara yenye visima vidogo 96. Ute unalala kisimani usiku kucha kwa nyuzi 4, naosha, naweka bakteria saa moja kwa nyuzi 25, naosha tena, kisha rangi ya kristali violeti ili kupima walionata. Visima vyenye ute bila bakteria vinasoma juu mno, na plastiki tupu yenye bakteria nayo inapanda. Naombeni msaada.

Sentrifuji: Rangi ndiyo inayokudanganya, mkuu. Kristali violeti ina chaji chanya, na musini (protini kubwa zinazofanya ute uteleze) zimejaa sukari zenye chaji hasi, kwa hiyo inapaka ute kabla hata haijamfikia bakteria. Achana nayo. Baada ya kuosha mara tatu, weka Triton (sabuni ya maabara) 0.1% kwa dakika 10, sugua kisima kwa ncha ya pipeti, punguza mara kumi kumi, otesha kwenye agari (chakula kigumu cha bakteria) uhesabu makoloni. Kwanza hakikisha hiyo Triton haiwaui bakteria wako.

Kuhusu plastiki: ziba kila kisima kwa albumini ya ng'ombe (protini ya damu) 1%, saa moja, ifunike plastiki iliyobaki wazi. Kisima cha albumini pekee ndicho kipimo chako cha chini.

Matamvua: Naongezea upande wa ute, maana hapo ndipo wengi wanaharibu. Kwangua mgongoni na ubavuni kuelekea mkiani kwa kijiko cha plastiki. Tumbo liache, kuna kinyesi na mkojo. Ute wenye wekundu wa damu tupa. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 12,000 g kwa dakika 15, nyuzi 4, chukua maji ya juu, sawazisha protini iwe 0.5 mg kwa mililita. Ukichuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 ujue musini kubwa zinabaki kwenye kichujio. Gandisha kwenye vichupa vidogo, kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu.

Pia samaki wote wafunge muda uleule. Njaa hubadilisha ute wenyewe.

Sentrifuji: Na bakteria usiwatikise kwa nguvu. Pili na flajela (vinyweleo na mikia yao) hukatika, halafu unashangaa hawanati.

Kijiko_Maabara: Asanteni sana. Nikitaka kujua wananasa sukari ipi, niwaloweke kwenye sukari kwanza?

Matamvua: Inategemea ndoano inayoshika sukari iko kwa nani, bakteria au samaki. Ikiwa kwa bakteria, ndiyo, waloweke nusu saa kwenye milimola 50, kisha wamwage kisimani pamoja na sukari hiyohiyo. Lakini kwa Flavobacterium columnare, bakteria mwingine wa samaki, ni kinyume: kambale wa Marekani ana lektini yake (protini inayoshika sukari) kwenye matamvua inayokamata sukari iitwayo ramnosi, na ikishibishwa ramnosi au galaktosi, inadhaniwa bakteria hukosa pa kunata. Hapo unaloweka ute, si bakteria. Kila mara weka visima vya glukosi ya kiwango kilekile, usije ukadhani ni sukari maalumu kumbe ni wingi wa sukari kwenye myeyusho tu.

Ukihamia kwa huyo columnare, usipime idadi yao kwa kuangalia ukungu wa myeyusho, maana hujikusanya mabonge. Na usitumie maji ya chumvi ya fosfeti: fosfeti hufunga kalsiamu, naye hunata vizuri zaidi kwenye maji yenye madini.