Ushauri: Injini ya RX-8 kwa wakala ni milioni 14, nifanyeje?

Mwana_Shangani: Wakuu salaam. Nipo Mtwara mjini, nina Mazda RX-8 ya 2004. Jumapili natoka harusini Lindi, nikasimama Mnazi Mmoja kununua maembe, kurudi garini haiwaki. Nimekaa saa nzima mpaka ikapoa ndipo ikakubali. Tangu hapo asubuhi inawaka, ikishapata moto ukizima imekula kwako. Wakala mmoja Dar kaniambia niagize injini nzima, milioni 14, nusu unatanguliza. Plagi nne tu laki nne na nusu. Bei ya klachi nilipotajiwa nikakata simu. Swali langu ni moja: wakala au maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar? Nina siku chache.

Kitangari Boy: Uza skrepa, nunua bodaboda tatu. Karibu tena.

Mama Wawili: Mdogo wangu, marehemu mume wangu alikuwa na Mark II. Kila msimu korosho zikilipwa, gari linaugua. Tulilala na paa linavuja miaka minne, ila tairi mpya zilikuwepo. Sikusemi, nakumbuka tu.

Spana Kumi: Mtoa mada, hiyo si injini ya pistoni. Ni rota mbili, yaani vyuma vya pembetatu vinavyozunguka, cc 1308, na inakula oili kwa makusudi: inapuliziwa ndani kulainisha sili za kwenye ncha za rota. Ukijaza tanki mara mbili hujavuta stiki ya kupimia oili, unajitafutia. Kugoma ikiwa ya moto mara nyingi ni kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya injini, imeshuka, ila koili zikichoka nazo zinaleta usumbufu. Badili koili na plagi kwanza, kisha pima kompresheni kwa kipimo cha injini za rota. Cha kawaida hakisomi kila uso wa rota peke yake. Oili ulipima lini?

Mjomba Mikindani: Injini za rota zilibeba mashindano ya Le Mans 1991 kule Ufaransa, Mazda hiyo hiyo. Heshimuni chuma.

Kitangari Boy: Le Mans kuna mashimo kama ya njia yetu ya Newala?

Mwana_Shangani: @Spana Kumi oili sikupima. Taa iliwaka Ijumaa nikajua ni sensa tu, magari ya zamani yana hayo. Halafu hapa mjini mnapima kwa masikio, mimi nataka kitu orijino chenye risiti.

Spana Kumi: Taa ya oili Ijumaa, Lindi ukaenda Jumapili?

Mwana_Shangani: Harusi ya rafiki, ningeendaje? Na msinihukumu, ile nusu nimeshatuma.

Mama Wawili: Milioni 7 umetoa wapi mwanangu?

Mwana_Shangani: Za korosho za mama. Zimekaa kwenye simu yangu kwa sababu yake ni ya vitufe, inamsumbua. Hajakataa.

Mama Wawili: Umemuuliza?

Kaa_Chonjo: Wakuu, hii chai, tena imekolea tangawizi. Juu kaandika klachi. Jana kule kwenye uzi wa foleni ya malori ya korosho kaandika "nikaweka D nikajiondokea". RX-8 gani ina klachi ya manyuo na D ya otomatiki kwa pamoja? Nipo pale nimekaa, nasubiri picha.

Kitangari Boy: Duh. Na mimi nilikuwa nishaanza kumhurumia.

Mjomba Mikindani: Mtu kama huyu tulimchangia mwaka juzi, gari "limezama" Msimbati. Kumbe hata baiskeli hana.

Mwana_Shangani: Sijaomba mchango hapa. D ni ya IST ya jirani, ndiyo niliyoenda nayo kule kwenye malori. Picha siweki, namba ya gari inajulikana.

Kaa_Chonjo: Inajulikana na nani?

Mwana_Shangani: Haya. Gari ni la kaka yangu. Yupo melini, anashuka tarehe 20. Aliniachia funguo niwe naliwasha, lisilale. Nikawa naliwasha kila asubuhi dakika mbili nazima, hata geti sifungui. Lindi ni mara moja tu. Sasa kama injini mpya itafika kabla yake, kuna ubaya gani? Atakuta gari zuri kuliko alivyoliacha.

Spana Kumi: Kuwasha ikiwa baridi na kuzima papo hapo ndiko kunakolowesha plagi petroli kwenye hizi injini. Ukiiwasha, iache mpaka ipate moto. Piga wakala leo, kama oda haijatoka omba wasimamishe. Halafu mpigie kaka.

Mama Wawili: Mama kwanza.

Mwana_Shangani: Kaka melini mtandao hamna.

Kaa_Chonjo: Chai imepoa, ila nakunywa.

Mzee wa Masasi: Mimi sina ushauri. Hizo rimu za inchi 18, kama mambo yakiharibika, nipo.

Mwana_Shangani: Rimu siuzi mzee wangu, si zangu. Ulikuwa unafikiria shilingi ngapi?