Vigezo vya maktaba za C: pkg-config, xml2-config au CMake?

mwani_paje
Assalaam alaykum wenzangu. Natengeneza programu ya C ya kuwaonesha wakulima wa mwani saa za maji ya bamvua. Data inakuja kwa XML, naisoma kwa maktaba ya libxml2, kisha naihifadhi kwenye hifadhidata ya SQLite. Kwenye Ubuntu yangu Makefile (faili ya maelekezo ya kujenga programu) ina `-I/usr/include/libxml2 -lxml2 -lsqlite3` na inakubali. Mwenzangu wa Wete ana Mac, kwake haijengi. Nihamie wapi?

wa_chake
Wa alaykumu ssalaam. Mac za siku hizi hazina hiyo `/usr/include`, ndiyo maana. Acha kukariri njia, tumia pkg-config, programu ndogo inayokutajia vigezo vya kila maktaba. Maktaba nyingi huja na faili ndogo ya .pc, na humo waliotengeneza maktaba wameshaandika heda (faili za .h) ziko wapi na linka, yaani kiunganishi cha programu na maktaba, iambiwe nini. Wewe unauliza tu:

`cc maji.c -o maji $(pkg-config --cflags --libs libxml-2.0 sqlite3)`

Angalia jina: ni libxml-2.0, si libxml2. Hapo wengi hukwama wakadhani maktaba haipo. `pkg-config --list-all | grep xml` itakupa jina lenyewe. Isipoonekana hata hapo, weka libxml2-dev, kwa sababu kifurushi cha kawaida cha Ubuntu hubeba maktaba ya kuendeshea programu tu, heda na .pc zimo kwenye -dev. Maktaba uliyojijengea mwenyewe, elekeza PKG_CONFIG_PATH kwenye lib/pkgconfig yake.

Tena maji.c itangulie. Ukianza na -lxml2, Ubuntu itakupa "undefined reference" na kila kitu kipo.

fundi_mkoani
xml2-config inafanya kazi hiyo hiyo, ila kwa libxml2 peke yake. Curl nayo ina curl-config. SQLite haina, kwa hiyo utabaki na nusu ya tatizo.

tunguu_c
Mie nasimama na CMake, chombo kinachokuandikia maelekezo ya kujenga kwa kila mfumo. `find_package(LibXml2)` na `find_package(SQLite3)`, hiyo ya pili kuanzia toleo la 3.14, halafu unaunganisha LibXml2::LibXml2 na SQLite::SQLite3. Siku mtu wa Windows akiitaka programu, hutaandika upya.

wa_chake
Kwa mradi mkubwa nakubali kabisa, na CMake yenyewe huweza kuuliza .pc kwa pkg_check_modules. Lakini huyu ana faili moja. Kumbebesha CMake, na bando lenyewe la kupakulia, ni kumwonea.

mwani_paje
Shukran sana. Windows hatuna, basi nimeweka pkg-config ndani ya Makefile. Wete imejenga sasa hivi! Nikitaka kutoa programu moja iliyobeba maktaba zake zote ndani?

fundi_mkoani
Mpe kompaila -static, na pkg-config iongezee --static. Bila hiyo ya pili, maktaba nyingine ambazo libxml2 au SQLite inazitegemea, zilizoandikwa Libs.private kwenye .pc, hazitajwi, na linka itazidai. Jaribu kwenye Ubuntu tu; Mac haikubali programu ya static kabisa.