nginx, Varnish au Squid: ipi inazuia maombi pacha kwenda bekendi?

fundi_foleni
Wakuu, habari za kazi. Nina proksi ya kashe (seva inayotunza nakala za kurasa, kazi ya nginx, Varnish au Squid) mbele ya bekendi, yaani seva ya nyuma, inayotumia kama sekunde 2 kutengeneza ukurasa mmoja. Nakala ikiwemo kwenye kashe, mambo shwari. Shida inaanza ikikosekana: kabla ombi la kwanza halijarudi, mengine mia tatu ya URL ileile yameshapita, yote yakiulizia kitu kimoja. Juzi bekendi ililala kabisa. Natumia nginx ila niko tayari kuhama. Ipi kati ya hizi tatu inapitisha ombi moja tu na mengine yakasubiri?

siafu7
Zote zinaweza, mkuu. Varnish inafanya hivyo bila kuambiwa. nginx inataka uandike `proxy_cache_lock on;` (kufuli la kashe) maana huja ikiwa imezimwa. Squid ni `collapsed_forwarding on`, nayo huja imezimwa. Ilikuwepo kwenye 2.6 na 2.7, ikakosekana 3.0, ikarudi 3.5. Usihame kabla hujajaribu huo mstari mmoja.

fundi_foleni
Nimeuweka. Nikafuta kashe, nikarusha maombi 50 kwa mpigo: bekendi imepokea 1. Safi sana! Lakini nakala iliyomo ikiisha muda wake, bado yanapita kibao. Nimekosea wapi?

bibi_logi
Hujakosea, mwanangu, ila umedhani kufuli hilo linafunga milango yote. `proxy_cache_lock` inahusu kitu ambacho hakimo kwenye kashe. Kilichomo lakini kimepitwa na muda hakiguswi. Huko unataka `proxy_cache_use_stale updating;`. Ombi moja linakwenda kuleta kipya, wengine wanapewa nakala ya zamani papo hapo. Ongeza na `proxy_cache_background_update on;` (ipo tangu 1.11.10) ili hata huyo wa kwanza asingoje. Kwangu mimi hii ndiyo dawa yenyewe, kufuli ni la siku ya kwanza tu, au baada ya kufuta kashe kama ulivyofanya.

mzee_wa_vcl
Kwenye Varnish hiyo ndiyo grace, muda wa ziada wa kutoa nakala iliyopitwa: sekunde 10 usipogusa kitu, juu ya TTL (uhai wa nakala) ya sekunde 120. Mimi naiongeza hadi saa kadhaa, kwa kuwa habari ya dakika tano zilizopita ni afadhali kuliko ukurasa wa hitilafu.

Ila tofauti ninayoipenda zaidi iko kwenye kusubiri kwenyewe. Kwenye nginx anayesubiri hapati hata baiti moja mpaka jibu zima liwe limeandikwa kwenye kashe, na huchungulia kila nusu sekunde. Jibu likirudi kwa milisekunde 80, yeye anaweza kukaa 500. Varnish tangu 4.0 inawaamsha walio kwenye foleni mara tu heda (maelezo ya mwanzo wa jibu) zinapofika, kisha inawamiminia mwili kadiri unavyoingia. Kwa faili kubwa, nginx ni balaa: `proxy_cache_lock_timeout` ni sekunde 5, zikiisha wote waliokuwa wakisubiri wanaachiwa kwenda bekendi, na majibu yao hata hayahifadhiwi. Yaani gharika ileile, imechelewa sekunde 5 tu.

bibi_logi
Kwa faili kubwa kuna moduli ya slice, mzee. Kila kipande cha `slice 1m;` kinahifadhiwa kivyake, kwa hiyo kufuli linashikwa kwa muda mfupi. Sharti bekendi ikubali maombi ya Range, yaani ya kipande cha faili.

siafu7
Kabla hujasherehekea, fundi, angalia kurasa zisizohifadhika. Niliwahi kuwasha kufuli kwa seva nzima, wateja wakaanza kulalamika kwamba ukurasa wa akaunti unakwama. Kwenye logi:

`MISS request_time=5.198 upstream_response_time=0.197`

Bekendi imejibu kwa sekunde 0.2, mteja amekaa 5.2! Ukurasa ule ulikuwa unarudi na Set-Cookie (heda inayompa mteja kuki), na nginx haihifadhi jibu lenye Set-Cookie. Basi watu walipanga foleni kusubiri nakala ambayo haitakuja kamwe. Wachache walipenya mmoja mmoja, waliobaki wakaachiwa muda ulipoisha. Nikaweka `proxy_cache_bypass` (ruka kashe) na `proxy_no_cache` (usihifadhi jibu) kwa kila mwenye kuki ya kuingia, ikatulia. Ombi lililo kwenye bypass haligusi kufuli.

mzee_wa_vcl
Varnish ina ugonjwa huohuo, ila imepewa kinga: hit-for-miss. Jibu lisilohifadhika linawekewa alama, kwa kawaida sekunde 120, na alama hiyo ikiwepo hakuna anayepangwa foleni. Wanaoumia ni wale wanaoweka `beresp.ttl = 0s` na grace 0s kisha wanaandika `return (deliver)` mapema, kabla msimbo wa Varnish wa kuweka alama haujafikiwa. Alama haiwekwi, na kila mteja anamsubiri mwenzake amalize. Nimeikuta kwenye VCL (faili za usanidi wa Varnish) za watu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

fundi_foleni
Swali la mwisho: nina proksi mbili sambamba. Kufuli linajulikana kwa zote?

bibi_logi
Hapana. Liko kwenye kumbukumbu ya mashine moja, michakato yote ya nginx hiyo inaliona, ya jirani hailioni. Proksi mbili, maombi mawili. Ukitaka moja, kisawazishi cha mbele (kinachogawa maombi kati ya proksi) kigawe kwa `hash $request_uri consistent;` ili URL moja iangukie proksi ileile kila mara. Lakini mwanangu, mawili badala ya mia tatu, mimi ningeenda kulala.

fundi_foleni
Nimebaki na nginx: kufuli, updating, background_update, na bypass ya siafu7 kwa walioingia. Usiku huu nimeacha nakala ziishe muda zenyewe kwenye msongamano. Logi ya bekendi inaonyesha ombi 1 kutoka kila proksi. Hash nitaiangalia wiki ijayo. Asanteni sana, shikamoo bibi.