Walimu wa Mombasa mliofundisha shule za kimataifa nje: mshahara na marupurupu, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Kisauni:
Assalam aleikum walimu wenzangu. Kila likizo utasikia fulani kaitwa Dubai, fulani Doha, na watu wanauliza "analipwa ngapi?" basi. Nataka mliokwenda mtueleze barua ya ajira ilisemaje na mkononi kikabaki nini. Majina ya shule tuyaache.

Mwalimu wa hesabu, Bamburi:
Waaleikum salaam. Nilikuwa Dubai mkataba wa miaka mitatu. Jumla ilikuwa dirham 9,000 kwa mwezi, na dirham ni kama shilingi 35 za kwetu, kwa hivyo nyumbani walishaanza kuniita tajiri. Kodi ya mapato kule mshahara haukatwi, hilo ni kweli. Lakini jumla ile iligawanywa: mshahara wa msingi 4,000, nyumba 3,500, usafiri 1,500. Ukiona hivyo usishangilie upesi. Kiinua mgongo cha Imarati huhesabiwa kwa mshahara wa msingi pekee: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Na usipotimiza mwaka hupati kitu. Mimi niliondoka na dirham 8,400. Mwenzangu wa shule ya pili, jumla ileile 9,000 lakini msingi wake 7,000, miaka mitatu ileile, alichukua 14,700. Kazi moja, jua moja!

Mama Wawili, Tudor:
@Bamburi umesema kweli tupu. Na msingi mdogo si kiinua mgongo tu, hata likizo ambayo hukuichukua ukiondoka hulipwa kwa huohuo.

Mwalimu wa Kiingereza, Mtwapa:
Mie wakala wa hapa mjini alinitaka pesa za viza na "kufungua faili". Sheria ya kazi ya Imarati ya 2021 inasema gharama za kuajiri ni za mwajiri. Nikamwambia anionyeshe barua ya shule kwanza. Mpaka leo kimya.

Mama Watatu, Likoni:
Kwetu Doha shule ilisomesha watoto wawili bure. Wa tatu karo kamili, na hao wawili wa bure, basi na sare juu yangu. Kwa hakika ile karo ya mmoja ilimeza akiba yangu yote ya muhula. Mume wangu kila siku: "Kwani hukuwaambia unao watatu?" Niliwaambia, baba, wameandika wawili.

Mwanzisha mada, Kisauni:
Na ukitaka kwenda na familia Dubai, mshahara unatosha kuwadhamini?

Mwalimu wa hesabu, Bamburi:
Wanataka angalau dirham 4,000, au 3,000 ukiwa na nyumba ya mwajiri. Kuwadhamini ni rahisi, kuwalisha ndio kazi. Bima ya afya Dubai mwajiri hana budi kumlipia mfanyakazi. Mke na watoto, uliza.

Mwalimu wa sayansi, Kongowea:
Jamani nje si Ghuba tu. Niko Dar. Hapa kodi ipo: kinachozidi milioni moja ya Tanzania kwa mwezi hukatwa asilimia 30, na NSSF asilimia 10 yangu, mwajiri naye angalau 10. Kwa karatasi ni kidogo kuliko Dubai. Ila mama akiugua napanda basi usiku, asubuhi niko Likoni nangoja feri. Hilo nalo mie nalihesabu kama marupurupu.

Mama Wawili, Tudor:
Nyongeza: tazameni tarehe ya mwisho ya mkataba. Yangu ya kwanza iliisha mwisho wa Juni, kwa hivyo Julai na Agosti sikulipwa. Mkataba wa pili niliomba waandike 31 Agosti, wakakubali bila ubishi.

Mwanzisha mada, Kisauni:
Uliomba kabla ya kutia sahihi au baada?

Mama Wawili, Tudor:
Kabla, maalim. Baada ya sahihi nani atakusikiliza?